Sikukuu ya Mtaa Mmoja

Ramadhani ya kwanza baada ya kufiwa na mume wangu, wajukuu walikuja kufuturu kwangu siku ya ishirini na tisa, na kabla hatujamaliza uji walikuwa wamekwisha kujua habari za mwezi wa dunia nzima. Mmoja ana simu, mwingine ana simu, na televisheni nayo inasema ukutani. Huyu anasema Saudia wameuona, yule anasema kuna watu wametuma picha kutoka Lamu, wa tatu anasema hiyo picha ni ya mwaka jana. Walikuwa wanacheka. Mimi nilijikuta naangalia mlangoni, maana miaka yote niliyokaa na babu yao, saa ile ndiyo aliyokuwa akivaa kofia na kutoka. Hakukaa ndani ya nyumba hata mara moja wakati habari za mwezi zinatangazwa redioni. Alikwenda kukaa msikitini, peke yake ikibidi, mpaka mtu mwingine amletee jibu. Wanangu walikua wakidhani ni ucha Mungu. Mjukuu mmoja akaniuliza kama ni kweli babu aliwahi kuwa fundi redio, mbona hawakumwona hata siku moja akifungua redio. Nikamwambia ni kweli, nitamweleza, na sikumweleza. Naandika kwa sababu mdomo ulinishinda, ingawa mwenyewe hayupo tena na waliomcheka karibu wote wametangulia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mwaka ambao Ramadhani iliangukia ndani ya masika. Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache. Tulipanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya udongo na makuti, Makorora ya Tanga, ambayo wakati huo ilikuwa nusu mtaa nusu shamba la minazi. Chumba kimoja tulilala. Cha pili, chenye mlango wa barazani, kilikuwa karakana ya Salehe, mume wangu. Kulikuwa na meza aliyoiunga kwa mbao za masanduku, jiko dogo la mkaa la kupashia chuma cha kuchomelea risasi, na redio za watu zikiwa zimefunguliwa matumbo: za makarani wa mashamba ya mkonge, za wenye maduka wa mjini, moja ya padri. Harufu ya risasi iliyoyeyuka iliingia mpaka kwenye tui langu la nazi, na mpaka leo nikikuna nazi naisikia. Redio yetu wenyewe ilikaa kwenye rafu karibu na pazia lililotenga vyumba viwili. Waya wake mmoja ulipanda mpaka kwenye mnazi wa uani, na mwingine ulishuka kwenye msumari mrefu uliopigwa ardhini karibu na mtungi wa maji. Kila alasiri nilimwagia maji pale kwenye msumari, kwa sababu Salehe aliniambia udongo ukiwa na maji sauti inakuwa nzito. Mama mwenye nyumba aliniona siku moja, akaniuliza kama natarajia msumari uote.

Mchana redio ile ilikuwa mtiifu. Steshini ya Kiswahili tuliyoisikiliza ilikaa mahali pake kwenye kioo, na ukipeleka mshale pale ilikuja safi, unamsikia mtangazaji mpaka anapofunua karatasi. Jua likishatua mambo yalibadilika. Sauti za mbali ambazo mchana hazikuwapo zilianza kuingia, kwanza kama mtu anayepiga mluzi chumba cha pili, halafu tarumbeta, halafu mwanamume anayesema lugha tusiyoijua, kwa nguvu, kama anayehutubia uwanja. Alikuja akakaa palepale ilipo steshini yetu. Ukisogeza mshale kulia kidogo, ni yeye. Kushoto kidogo, ni yeye na mluzi. Ukirudi katikati, wote wawili wanasema pamoja. Salehe alinieleza kwamba hewani kuna nafasi kama viwanja, kila steshini imepewa chake, lakini viwanja ni vichache na wanaovitaka wanazidi kila mwaka. Mwenye mtambo mkubwa anajenga juu ya mwenye mtambo mdogo, na mdogo hana pa kushtaki. Mchana, alisema, jua linaziua sauti zao njiani, lakini usiku zinapanda juu, zinagonga na kurudi chini nchi za mbali kabisa. Nikamuuliza kama hao watu wanajua kuwa wanatukalia. Akasema hawajui. Leo nikiwaza naona viwanja vile viligawanywa mezani na watu wasio na habari kwamba kuna mtaa unaitwa Makorora, na kwamba siku moja kwa mwaka, punde baada ya magharibi, wakati mbaya kuliko wote, mtaa huo unahitaji kusikia sentensi moja nzima.

Jioni wanaume walikuja barazani kusikiliza habari. Salehe alipenda kukaa nao mlangoni, kwa hiyo mkono uliokuwa kwenye kifundo cha kuzungushia mshale ulikuwa wangu, nyuma ya pazia. Niliwasikia wakibishana juu ya Misri na mfereji wake, juu ya bei ya mkonge, juu ya Waingereza wataondoka au hawataondoka, na nilimsikia mume wangu sauti yake ikipanda kidogo kila alipoulizwa maana ya neno. Alikuwa mtu wa Bondeni, wa upande wa Muheza, na wenyeji wa mtaa walikuwa na namna ya kumwita "huyu kijana wetu wa Kibondei" ambayo si tusi wala si ukaribisho. Msikitini alisimama safu ya nyuma. Redio ndiyo iliyomsogeza mbele. Nilijua hivyo kabla hajasema, kwa namna alivyokuwa akipangusa kioo chake kila wakisha kuondoka.

Imamu wetu alikuwa Maalim Bakari, mzee mwembamba mwenye kikohozi, aliyefundisha watoto Kurani asubuhi na kushona kofia mchana. Habari za mwezi alizipata kwa njia moja. Ama mtu wa mtaa auone kwa jicho, ama yeye atume mtu kwa miguu Ngamiani, kwenye msikiti mkubwa, aulize. Salehe alimwomba tangu mwaka wa kabla, kabla sijaolewa, akubali redio. Maalim alijibu kwamba yeye hamjui anayesema ndani ya sanduku, hamwoni uso, atajuaje ni mwadilifu. Mwaka ule mvua ilikuwa haikatiki. Njia ya Ngamiani ilikuwa maji ya magotini, na mawingu yalikaa juu ya mji tangu mfungo ulipoingia. Wazee wakamshauri, naye akalegea. Alikuja mwenyewe barazani kwetu, akakataa kiti, akasema akiwa amesimama kwamba ikifika siku ya ishirini na tisa Salehe asikilize, lakini asisikilize peke yake. Awe na mtu mwingine mwaminifu, na wote wawili wawe wamesikia jambo lilelile. Salehe alimchagua Mzee Hatibu, jirani yetu, aliyekuwa akisuka madema ya kunasia samaki na hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani. Siku ile mume wangu hakula vizuri kwa furaha. Aliniambia, kama anayenong'ona siri, "Maalim amekuja mwenyewe, Riziki. Kwa miguu yake."

Siku ya ishirini na tisa mvua ilianza alasiri. Nilipika muhogo wa nazi na papa, na uji wa pilipili manga, na Mzee Hatibu akafuturu kwetu. Sahani zilipoondolewa wakakaa chini, magoti karibu na rafu, mimi nikakaa upande wangu wa pazia na mkono kwenye kifundo. Msikitini watu walikuwa wamejaa wanangoja waambiwe wasali tarawehe au walete takbira. Taarifa ya habari ilipoanza yule mgeni wa hewani alikuwa amekwisha kuingia, na tarumbeta zake, na juu ya hayo kila radi ilipopiga redio ilipasuka kama mtu anachana kaniki. Nilipeleka mshale mbele na nyuma kwa unywele. Nilimpata mtangazaji wetu akitaja masheha, nikampoteza. Nikampata tena, na kwa kitambo kifupi alikuja wazi kabisa, sauti yake ya kila siku, akisema: "…kutoka Pemba, ya kwamba mwezi umeonekana." Halafu mgeni akamfunika, akaendelea kuhutubia uwanja wake, na sikumpata mtangazaji tena.

Salehe alikuwa amekwisha kusimama. Mzee Hatibu alisema polepole kwamba amesikia Pemba, na amesikia umeonekana. Mimi nilisema, na nilisema kwa sauti ya kusikika kwa sababu mvua ilikuwa kubwa juu ya makuti, "Kuna maneno yalitangulia, bwana. Sikuyapata."

"Yaliyobaki yanatosha."

"Huenda watarudia. Ngoja kidogo."

Nilimwona kwa upenyo wa pazia akitafuta kofia yake juu ya meza, kati ya vyuma, akiishika na kuiweka tena kama mtu asiyejua anatafuta nini. Halafu akasema, "Watu wanangoja, Riziki," akamshika mkono Mzee Hatibu, wakatoka mvuani. Sikusema zaidi. Nilikuwa mke mgeni, naye alikuwa anakwenda kusimama mbele ya watu waliokuwa wakimpa safu ya nyuma, na mimi nami, Mungu anisamehe, nilitaka afike salama na asimame pale. Baada ya kitambo nikasikia takbira zinatoka msikitini, dhaifu kwanza, halafu mtaa mzima.

Mtu ambaye hakuishi mtaani hawezi kujua furaha ile inavyokwenda. Mara hiyo milango ilifunguliwa, taa za chemli zikapita njiani chini ya miavuli na magunia, mtu anaazima sinia, mtu anaazima kinu, mama mwenye nyumba anaamsha moto uani chini ya paa dogo na kuniita nikamsaidie kukata vitunguu. Ng'ombe aliyenunuliwa kwa mchango alichinjwa. Wasichana walikaa kwenye ukumbi wetu kupakana hina, wakaninyoosha na mimi miguu nikapakwa. Mara mbili niliinuka nikaenda kwenye redio, nikazungusha, nikamkuta mgeni na tarumbeta zake. Wanaume waliopita walimpigia Salehe hodi kumpa mkono. Mmoja, mwenye nyumba kubwa ya mabati, aliyekuwa haitikii salamu yake vizuri, alimwita "shekhe". Nikiwa na hina mbichi miguuni nilimsikia mume wangu anacheka barazani kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, na sikukisikia tena.

Asubuhi mvua ilikatika. Tulikula maandazi na chai ya maziwa mchana kweupe, wanaume wakavaa kanzu nyeupe wakasali sala ya Idi, Salehe safu ya kwanza. Watu wakakumbatiana. Halafu wakaanza kutawanyika kwenda kuwaamkia jamaa zao mitaa mingine, na hapo ndipo aibu ilipoanza, si kwa kishindo, kidogokidogo, mtu mmoja baada ya mwingine akirudi mapema kuliko alivyoaga. Wa kwanza niliyemwona alikuwa Mwanahawa, jirani wa upande wa pili, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa ameposewa mwanawe kwa watu wa Ngamiani. Alikuwa ametoka na wanawe wawili wamevaa viatu vipya na sinia ya halua na kaimati imefunikwa kitambaa. Alirudi na sinia ileile. Alipita kwetu bila kuangalia pembeni, akaingia kwake, akafunga mlango. Baadaye tulisikia ilivyokuwa. Alibisha hodi kwa mkwewe mtarajiwa akiwa anatafuna, akiwa na wanja na hina, akasema Idi mubaraka, na mkwewe akamfungulia akiwa na midomo mikavu ya saumu. Mwanamke yule hakumtukana. Alimuuliza kwa upole, mbele ya wanawe, kama yuko katika siku zake. Mwanahawa akasema hapana. Akaulizwa, sasa mbona unakula?

Taarifa ya adhuhuri tuliisikiliza wawili tu, mlango umefungwa. Mzee Hatibu alikuwa amekwisha kuitwa na Maalim. Salehe hakunipa mimi kifundo siku ile, alishika mwenyewe, ingawa hapakuwa na haja, maana mchana steshini ilikuja safi kama maji. Mtangazaji alisoma bila haraka kwamba mpaka jana usiku hapakuwa na habari yoyote iliyopokelewa kutoka Unguja wala kutoka Pemba, ya kwamba mwezi umeonekana, na kwa hiyo leo ni siku ya thelathini ya Ramadhani. Ilikuwa sentensi ileile. Nilimwona mume wangu akiisikiliza mpaka mwisho, na baada yake habari za bei ya kopra, na baada ya hizo hali ya hewa. Alikuwa bado na kanzu ya Idi. Redio ilipoanza kupiga nyimbo akanyoosha mkono akaizima, na mkono ukabaki palepale juu ya sanduku.

Maalim Bakari alipita nyumba kwa nyumba, yeye mwenyewe, na bakora yake, akiwaambia watu waache kula mpaka magharibi. Hakusema sababu. Masufuria ya pilau yalikaa wazi nyuani, watoto wakilia kwa kuyaona, nzi wakayajia. Akinamama walikaa na hina zao. Magharibi tulifuturu kile tulichokuwa tumekwisha kula asubuhi, na siku iliyofuata, mji wote wa Tanga uliposherehekea, sisi tulisali Idi ya pili kwa kanzu zenye madoa, hatuna nyama. Watu wa mitaa mingine walikuja kutuamkia kwa heshima zote, wakatuuliza kama tumekula. Kejeli ya waziwazi ingekuwa nafuu. Kwa muda mrefu baadaye mtu wa Makorora akienda sokoni aliulizwa leo kwenu mwezi ngapi.

Salehe alidhani akieleza watamwelewa. Siku ya tatu ya Idi alikaa barazani na waliokuja, wachache, akawaeleza viwanja vya hewani, mitambo mikubwa na midogo, jua linavyozuia sauti za mbali na usiku unavyozileta. Alieleza vizuri. Nilikuwa nyuma ya pazia nikiomba aishie pale. Lakini alitaka waone, akawaomba vijana wawili wasimame mbele yake, mmoja asome Fatiha na mwingine ataje majina ya vituo vya reli kutoka Tanga kwenda juu, kwa pamoja, kisha wengine waseme wamesikia nini. Wakaanza. Mmoja anasema aya, mwingine anasema Pongwe, Ngomeni, Muheza. Baraza likapasuka kwa kicheko. Hakuna aliyekusudia ubaya, nafikiri, ilichekesha. Salehe naye alijaribu kucheka pamoja nao, na nilipoona meno yake na macho yake niliondoka pale pazia nikaenda kukaa jikoni. Tangu siku hiyo watoto walimwita Mwezi wa Pemba. Alipopita waliimba, wakakimbia. Wenye redio wakaanza kuja kuzichukua, wengine zikiwa hazijatengenezwa, wakisema watarudi.

Kilichokuja baadaye kilikuwa kizito zaidi ya kicheko. Maneno yakaenea kwamba Salehe hakusikia kitu, kwamba alizua ili redio yake isifiwe na apate wateja. Wazee wa mjini walimwita Maalim Bakari wamuulize, na ilijulikana kwamba huenda akaondolewa kwenye uimamu. Basi Ijumaa moja alasiri akaja kwetu na Mzee Hatibu. Safari hii aliketi. Nilitoa shikamoo nikiwa nyuma ya pazia, akaitikia marahaba, akakohoa, halafu akasema kwamba amekuja kuniuliza mimi. Mzee Hatibu, ambaye hakujua kusema uongo wala kuficha, alikuwa amemwambia kila kitu, na kwamba mke wa nyumba ndiye aliyekuwa kwenye redio, na kwamba mke alisema neno.

"Mwanangu," akasema Maalim, "nitakuuliza mara moja, na ujibu kama utakavyojibu mbele ya Mola wako. Maneno yale yalisemwa, au hayakusemwa?"

"Yalisemwa, Maalim. Niliyasikia kwa masikio yangu. Kutoka Pemba, ya kwamba mwezi umeonekana."

"Na kabla yake?"

Salehe alikuwa amekaa kando ya meza yake ya kazi. Nilimwona vidole vyake vimeshika kipande cha waya anakizungusha. Ningeweza kusema kwamba kabla yake sikumbuki. Nimejiuliza miaka yote kwa nini sikusema hivyo, na jibu ni kwamba Maalim aliniuliza kwa upole mno. "Kabla yake kulikuwa na maneno yaliyomezwa," nikasema. "Nilimwambia bwana angoje."

Maalim aliivuta bakora yake karibu. Kisha akasema, si kwangu, "Basi si mwongo. Ni mtu wa haraka." Akainuka kwa kujikokota. Mlangoni aligeuka akasema kwamba na yeye pia alikuwa na haraka, vinginevyo angemtuma mtu Ngamiani, maji au si maji. Wakaondoka. Kwa maneno yangu nilimwondolea mume wangu jina la mwongo, na watu waliacha kulisema, lakini kwa maneno hayohayo kila mtu mtaani akajua kwamba mkewe alimwonya naye hakusikia. Wanawake kisimani walinisifu. Walinipisha nichote kwanza. Niliona haya kusifiwa kuliko alivyoona yeye kuchekwa, maana kila sifa yangu ilikuwa inachotwa kwake. Nyumbani hakunigombeza. Alisema nami ya lazima tu, maji, chumvi, funga mlango, na redio yetu aliishusha kwenye rafu akaiweka chini ya kitanda, imefungwa kwa gunia.

Maalim hakuondolewa, ila aliomba mwenyewe msaidizi asalishe, akarudi kwenye kofia zake. Neno la mwisho alilolitoa kama imamu lilikuwa kupanga siku moja ndani ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mtaa mzima tulipe ile saumu pamoja. Salehe akasimama msikitini, safu ya nyuma, akasema futari ya siku hiyo itakuwa kwake, kwa kila mtu. Aliniambia alipofika nyumbani, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu ile Ijumaa. Nilipika kama ninavyopikia arusi. Nilipika bokoboko, tambi za sukari, muhogo, samaki wa kupaka, kaimati, na uji sufuria nzima. Mama mwenye nyumba alinisaidia mpaka alasiri, halafu akasema kichwa kinamuuma. Tukatandika mikeka ya kuazima baraza nzima mpaka njiani. Adhana ikalia. Tuliwasikia watu majumbani mwao, ng'ambo ya kuta, wanapiga bismillahi, vijiko vinagonga bakuli. Salehe alisimama mwanzo wa mikeka na birika la kunawisha mikono na taulo begani, akiangalia njia. Alikuja Mzee Hatibu, na baada yake Maalim Bakari na bakora yake, na hakuna mwingine.

Walikula wote watatu kwenye sinia moja, mikeka mitupu pande zote. Walizungumza habari za mvua. Walipomaliza Maalim aliniita akasema chakula kisilale, nikigawe mtaani. Nikapakua sahani zangu zote za arusi, za maua ya bluu, nikazifunika kawa, na nilipotaka kumwita mtoto wa jirani anichukulie, Salehe akachukua sinia kichwani mwenyewe. Tulikwenda mlango kwa mlango. Yeye alisimama nyuma yangu. Watu walipokea, wakasema ahsante, wakafunga.

Mwisho wa mwaka huo aliuza vyuma vyake akapata kazi bandarini, ya kupakia mkonge, na watoto wetu wote walizaliwa tukiwa watu wa bandari. Mtaani walituzoea tena, kama watu wanavyozoea, na Mwanahawa akawa shoga yangu mkubwa mpaka alipofariki. Lakini mwaka ule ukinijia haunijii kwa hayo. Unanijia kwa sahani. Desturi yetu jirani harudishi sahani tupu. Huweka japo ndimu mbili, japo kipande cha muwa. Zangu zilirudi siku zilizofuata, moja moja, kwa mikono ya watoto, zimeoshwa vizuri, tupu. Nilizipokea uani nikazipanga kabatini haraka. Siku ya nne nilimwona Salehe amesimama mbele ya kabati, anaziangalia. Kesho yake mtoto alipoleta nyingine niliijaza karanga za kukaanga, nikaiweka juu ya meza yake ya kazi iliyokuwa imebaki haina kazi, nikamwambia jirani amerudisha shukrani. Alikaa, akachukua chache, akatafuna. Akachukua nyingine.

"Karanga hizi nilizileta mimi kutoka Muheza," akasema.

Aliisogeza sahani katikati ya meza, upande wangu, akaendelea kula, na mimi nikavuta kigoda nikakaa nikala pamoja naye mpaka zikaisha.